Nukta Zilizompeleka Bubu Jidda

Nianze na onyo kwa yeyote atakayeyatoa maneno haya kwenye herufi zangu za Kiarabu na kuyatia kwenye herufi za kizungu. Penye nukta tatu soma pe, penye nukta moja soma be. Siku hizi nazitia zote, hata kwenye kikaratasi cha kununulia vitunguu. Zamani sikuwa nazitia, na kwa kiburi hicho nilimkosa ndege.

Nyinyi vijana huniuliza, "Bibi, Saudia ulifanya kazi gani?" Nikijibu nilifanya kazi msituni, mnacheka. Chekeni mkimaliza tuendelee. Msitu ulikuwepo Riyadh, ndani ya nyumba ya vioo, ukishapita mtaa wa Sulimaniya, kwenye bustani ya wanyama ya tajiri mmoja ambaye sote tulimwita Bosi. Mafuta yalikuwa yamepanda bei na kila mwenye nafasi alijenga kitu ambacho jirani yake hana. Huyu chemchemi, yule uwanja wa farasi. Bosi akajenga mvua. Mabomba juu darini, mashine ya mvuke nyuma ya ukuta, migomba na miti mikubwa iliyokuja kwa ndege ikiwa imefungwa sanda kama maiti. Nje jua linapasua mawe, ndani unatoka jasho la Unguja. Mara ya kwanza nilipoingia nikanusa udongo mbichi, nikakaa chini palepale na ufagio wangu. Nilikuwa sijaunusa tangu tuhame kwetu.

Niliingia kazi hiyo kwa sababu ya siku za wanawake. Siku mbili kwa wiki wanaume walifungiwa mlango, wakaja wake na watoto wao, kwa hiyo hata mlisha wanyama ilibidi awe mwanamke. Nilikuwa nikipika kwa Madam, mke wa Bosi. Akanitazama mikono yangu akasema, "Wewe umelisha watoto saba, hawa wengine watakushinda nini?" Sikusoma mie. Nina juzuu zangu za chuoni na herufi za Kiarabu ambazo naandikia Kiswahili, halas.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Idrisi, Msudani, mtu wa mashine ya mvuke na wa kila kitu. Kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba kubadilisha wanyama si kubadilisha mapazia. Bosi akichoka na kima akitaka ndege, yeye husema neno moja tu na kuondoka. Siye tunabaki na nyumba inayonuka kima. Mnyama akiondoka huacha harufu yake kwenye kila kijiti, na mgeni ukimwingiza juu ya harufu hiyo hali wala halali. Basi tulikata matawi yote yaliyosuguliwa, tukapindua udongo, tukaosha kuta kwa maji ya moto na siki, tukaacha mvua ya mabomba inyeshe siku tatu mtupu. Wageni tuliwaweka pembeni kwanza. Tuliwafuta kwa kitambaa, kitambaa tukakitundika msituni, ili siku wakiingia wakute nyumba inanuka wao wenyewe. Na lingine alilonikazania, "Usibadilishe ndoo, Zuhura. Mnyama hajui jina lako. Anajua ndoo yako."

Likumbukeni hilo la ndoo.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa la kujifanya najua. Kima walipotoka na ndege walipokaribia kuingia, nikajisemea, kwetu mtu akihamia nyumba hufukizwa. Nikaja na chetezo, nikatia ubani na kipande cha udi cha arusi yangu, nikazunguka nao mti kwa mti huku nikisoma. Kumbe ndege wamekwisha kufunguliwa. Mzee Idrisi akaja mbio, akanipokonya chetezo akakitumbukiza dimbwini.

"Wataka kuwazika?"

"Nawakaribisha."

"Wakaribishe kwa kunyamaza! Pafu la ndege halina subira na moshi."

Wawili walikufa, videge vyenye tumbo la manjano. Udi ule nao ulikwenda. Tangu siku hiyo sikuingia msituni hata na nguo iliyofukizwa, na mume wangu alilalamika kwamba nanuka siki.

Katika kundi hilo la ndege ndimo alimokuja Bubu. Kasuku wa kijivu, mkia mwekundu. Aliyemuuza aliapa kwamba anasema lugha tatu. Miaka miwili hakutamka kitu, hata kukohoa. Wenzangu walisema tumeuziwa jiwe. Mie nikampa jina la Bubu, na nikampenda kwa hilo hilo. Nyumbani kwangu, mtaa wa Shumaisi, kulikuwa na mume, mama mkwe, watoto na redio, wote wanasema kwa pamoja. Bubu alisikiliza. Asubuhi nikimenya mapapai ya ndege, nilikaa chini ya kijiti chake nikamweleza yangu yote. Ukimwambia bubu siri, si umeitia kisimani?

Ndipo akaja Mwanaisha.

Mwanaisha alitoka Mombasa kwa mkataba, umri wa binti yangu wa kwanza, na vyeti vya wanyama kwenye bahasha na kalamu mbili mfukoni. Bosi alimtaka kwa sababu ya daktari wa kizungu aliyepita kila mwezi akiuliza riporti. Kazi yangu ikawa kuandika kwenye daftari kila mnyama kala nini, na yake kuyahamishia kwenye Kiingereza. Siku ya kwanza akalifungua daftari langu, akalisoma, na midomo ikaanza kumcheza.

"Bi Zuhura, hapa pana 'babai'. Ndege yuwala babai?"

"Papai."

"Basi tia nukta tatu mamangu. Pe ina nukta tatu."

"Mwalimu wangu wa chuo hakutia. Msahafu hauna nukta tatu."

"Msahafu hauna papai."

Wakacheka wote waliokuwepo. Hata Mzee Idrisi alicheka, ambaye Kiswahili hakijui, sote tulisema naye Kiarabu. Nikaapa moyoni kwamba sitatia nukta mpaka nife. Anayejua kusoma atasoma, na asiyejua akasome tena na hivyo vyeti vyake.

Sasa nawaambia jambo ambalo wazee wenzangu hawalisemi. Mtu akija kazini anajua zaidi yako, si elimu yake inayokuuma. Kinachokuuma ni kuona watu wamegeuza shingo. Zamani kobe hakula, walisema, "Kamwite Zuhura." Sasa walisema, "Kamwite Mwanaisha." Madam akaanza kumtumia Mwanaisha tende za kwake, zile laini. Mimi nilikuwa nikila tende hizo kabla yeye hajajua Riyadh iko upande gani.

Nikamtafuta kasoro. Sikupata tabu. Alikuwa hajui kumenya papai. Alilikata kama anayechonga gogo, nusu ya tunda ikenda jaani pamoja na ganda. Basi kila asubuhi nikikaa chini ya kijiti cha Bubu, kisu mkononi, nilimwambia, "Vyeti tele! Papai hajui kumenya!" Nikilisema mara ya kwanza linanipoza, mara ya pili linanipoza, nikawa nalisema kama uradi. Bubu ananitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

Siku moja nimeingia na ndoo yangu ya chakula, ile ile ya bluu, sijaitua bado, nikasikia sauti juu yangu.

"Ndoo!"

Nikatazama. Hapakuwa na mtu.

"Ndoo! Ndoo!"

Alikuwa Bubu. Miaka miwili na miezi, na neno lake la kwanza duniani ni ndoo yangu! Niliiweka chini, nikapiga kigelegele mpaka Mzee Idrisi akaja na spana akidhani nimeungua kwa mvuke. Nikamshika mkono. "Ulisema kweli mzee, anajua ndoo yangu. Anaitaja!" Nikamfuata kila mtu bustanini, mpaka kwa mlinzi wa lango. Mwisho nikafika kwa Mwanaisha, kwa makusudi, nikamwambia taratibu ili limwingie.

Akafurahi. Hilo ndilo lililoniua, alifurahi kwa moyo wake wote. "Ameshika! Mwezi mzima namfundisha."

"Umemfundisha nini?"

"Ndoo. Ndoo hapa. Nyinyi Unguja si mwasema njoo?"

Nilirudi nikaichukua ndoo yangu nikaosha. Ilikuwa safi, nikaiosha tena.

Baada ya hapo Bubu hakunyamaza. Alimwita kila apitaye kwa Kimvita, "Ndoo! Wendapi?" Wake waliokuja kutembea walimjazia kokwa na zabibu. Mwanaisha akasema jina la Bubu halimfai tena. "Huyu ni Msemaji, Bi Zuhura. Mtu yuwasema hivi wamwita bubu, si kumtukana?" Akawa hamwiti vingine ila Msemaji, na wengine wakamfuata. Kumwita Bubu nikabaki peke yangu.

Nililofanya sasa sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nilimhamisha. Kijiti chake kilikuwa karibu na meza ya Mwanaisha. Nikampeleka nyuma ya mashine ya mvuke, nikasema pale pana utulivu. Mvuke ulitoka mbele ya mashine. Nyuma yake palikuwa na joto kavu na ngurumo, ndege hasikii sauti ya mtu wala mtu hasikii yake. Mie tu ndiye niliyekwenda huko, na papai langu na uradi wangu. Baada ya wiki kadhaa akaanza kujinyonyoa. Kifua kikawa cheupe kama cha kuku wa sokoni.

"Anabadilisha manyoya," nilisema.

"Kifuani tu?" akauliza Mzee Idrisi.

Kabla mambo hayajafika mbali zaidi, Bosi alikwenda Ulaya akaona msitu wa mwenzake wenye viumbe vya Amerika ya Kusini watupu. Akarudi na homa ya hao. Wetu wote wa Afrika watoke, kasuku, kobe, vinyonga, na popo waliolala darini, wapelekwe Jidda kwenye bustani ya ndugu yake karibu na bahari. Waingie kasuku wakubwa wenye rangi za kanga za sikukuu, vikima vidogo vyenye masharubu, na mnyama mmoja anayening'inia miguu juu akatafakari jani moja mchana kutwa. Mwanaisha aende Jidda na wale wanaotoka, awe mkubwa wao huko. Mkubwa! Nilisikia jina lake likitajwa na kazi hiyo, sikio likaniwaka moto.

Nikamkabili Bosi mlangoni mwa gari lake. "Baba, nimewalisha hawa tangu siku ya kwanza. Niachie mmoja."

Alikuwa na haraka, watu wa saruji wanamngoja. "Mmoja, Zuhura. Mwandikie Mwanaisha, yalla."

Nikaandika kwa mkono wangu, kwa herufi zangu, kwa nukta zangu: Wote waende Jidda isipokuwa bubu. Nikaikunja karatasi nikaiacha mezani kwa Mwanaisha. Ningeweza kumwambia kwa mdomo. Alikuwa hatua kumi kutoka nami, anapanga makreti. Sikutaka kuomba kitu mbele yake. Jioni ile binti yangu akashikwa na uchungu, nikakimbilia Shumaisi, nikakaa siku tatu mpaka mtoto akapewa jina na mwanangu akasimama.

Niliporudi, msitu ulinuka siki. Vijiti vyote vimekatwa. Nyuma ya mashine ya mvuke, patupu. Nikaita. Nikazunguka. Nikahisi tone kichwani, nikatazama juu, na nikawaona popo wote, hawakupungua hata mmoja, wananing'inia kama nguo za watoto kwenye kamba.

"Kwa nini hawa wapo?"

"Karatasi yako ilisema waachwe," akajibu Mzee Idrisi. "Mwanaisha mwenyewe alishangaa."

Nyinyi mnaosoma na kuandika hizi za kizungu mnaona tayari, au niwaeleze? Kwa nukta zangu, bubu na popo ni neno moja. Herufi zile zile, nukta zile zile, na wau moja husomwa u na husomwa o.

Mie siku hiyo sikukubali. Nilisema kaiba. Nilisema amesoma sawasawa akajifanya hakusoma. Mwaka mzima, kila arusi na kila matanga ya watu wetu Riyadh, nilikaa na kikombe cha kahawa nikasimulia habari ya msichana wa Mombasa aliyeniibia ndege kwa kalamu. Na mwaka huo huo nililisha popo. Nawaambia, hakuna adhabu ya kazi kama kulisha mnyama uliyemwomba kwa makosa. Waliwakojolea kasuku wa Amerika, nikalaumiwa mie. "Si wako hao, Zuhura? Si uliwaandika?" Na papai walilipenda, tena lililomenywa vizuri.

Mwaka ulipotimia nikamwambia mume wangu nataka Umra. Umra nilifanya, Mungu aipokee kwa rehema zake, maana moyo ulikuwa kwenye tundu tupu la ndege nililoliacha kwa mwenye nyumba tuliyofikia. Nilikuwa na karatasi ya Bosi. Nilikuwa nimemchosha mpaka akaandika nipewe ndege wangu, yeye apumzike nami. Tukapanda basi la Jidda, tundu mapajani, mume wangu akitazama dirishani kama hanijui.

Mwanaisha alitupokea langoni. Akaniinamia kunibusu mkono. "Karibu mamangu, shikamoo."

Sikuitika. "Nimekuja kuchukua changu."

"Kipi?"

"Bubu."

"Bubu ni nani?"

Nikamtazama machoni nikitafuta uongo. Nimelea watoto saba, uongo naujua unapokaa. Haukuwepo. Msichana alikuwa anawaza kweli, jina hilo amekwisha kulisahau.

"Msemaji?" akasema mwisho, polepole. Akaingia ofisini akatoka na karatasi yangu, ameihifadhi pamoja na za serikali. Akaweka kidole. "Nisomee hapa."

"Isipokuwa bubu."

"Mie nilisoma popo. Nikasema, Bi Zuhura na popo? Nikadhani wawapenda kwa siri." Hakucheka. "Mamangu, pe yako ina nukta moja. Basi kila be yako ni pe pia. Ungekuwa watia tatu, ningeona kuwa hii si popo."

Ndani, nyuma ya pazia la migomba, mwanamke akapaza sauti kwa ukali:

"Vyeti tele! Papai hajui kumenya!"

Ilikuwa sauti yangu. Na pumzi yangu ile ya puani baada ya "tele". Mume wangu akageuka kunitazama, midomo yangu imefumbwa.

"Vyeti tele!"

Mwanaisha akanishika mkono akaniingiza. "Ndiyo salamu yangu ya asubuhi," alisema. "Tangu wiki tuliyofika. Kisu kikigusa papai tu, aanza. Mwanzo nililia. Halafu nikaona, kwani ni uongo?" Akaokota papai kwenye beseni, akalimenya mbele yangu. Ganda likatoka refu, jembamba kama karatasi ya sigara, lile lile la kwangu. "Nimejifunza. Sawa hivyo?"

Nikasema liko nene kidogo upande wa kikonyo.

Bubu alikuwa juu ya kijiti kati ya kasuku wengine wawili wa kijivu. Kifua chote kimejaa manyoya, yamepangana kama magamba ya samaki. Nilimtazama kifua tu. Mwanaisha akasema, "Mchukue. Karatasi ya Bosi unayo, mie sina neno." Nikalifungua tundu. Kisha nikawaza nitamweka wapi. Riyadh kila tawi lina kasuku wa Amerika, na wale hawapendi mgeni. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, nami niliijua, kwa sababu niliichagua mwenyewe.

Nikalifunga tundu.

Msidhani wivu uliisha hapo. Niliwaonea wivu wale kasuku wawili. Niliuonea wivu upepo wa bahari. Lile ganda la papai nililiota usiku. Tulikaa Jidda siku tatu, na kila siku nilikwenda kumfundisha neno jipya kwa sauti yangu. Nilitaka aseme jema juu ya Mwanaisha, japo moja, limsafishe yule binti masikio. Nilikaa mbele yake nikafungua mdomo, na neno halikutoka. Siku tatu. Siku ya mwisho nilikwenda nyuma ya tangi la maji kidogo, kutafuta kivuli, kisha tukaondoka.

Miezi michache baadaye ikaja barua ya Mwanaisha, kwa herufi zetu za Kiarabu, kila pe na nukta zake tatu, nene, zimekandamizwa. Aliandika kwamba wote wazima, na kwamba lile la vyeti na papai sasa halisemi sana. "Lakini ana jipya, mamangu. Kukipoa avuta kamasi mara tatu, taratibu, kama mtu aliyejificha nyuma ya tangi akilia. Ni sauti yako."

Nilimjibu siku ile ile, na nukta zote nikatia. Nikamwambia yalikuwa mafua.